Usingizi wa mkimbizi hauibiwi na vita peke yake

Kuna neno linalozunguka katika mitaa ya Goma, na hata katika vijiji vinavyopokea watu kutoka Masisi, Rutshuru na Walikale: eti mkimbizi analala tu. Mwenye nyumba anamwona mgeni wake amejilaza kwenye mkeka saa nne za asubuhi, anamwita jirani: "Angalia, jua limepanda, mtu mzima bado amelala." Mwingine anaongeza kwa mzaha kwamba huyo ana malale. Watoto wanasikia, wanacheka.

Neno hilo ni la uongo. Ubaya wake zaidi ni kwamba linawaficha wale wanaopaswa kuulizwa. Maana mtu anayelala saa nne za asubuhi mara nyingi ni mtu ambaye usiku wake ulichukuliwa, na waliouchukua wanajulikana: ni wale walioshika saa za watu. Yule anayefungua bomba la maji. Yule anayesoma majina ya msaada. Yule anayewasha baflo usiku. Vita vilichukua nyumba, ng'ombe na shamba, hakuna anayebisha. Lakini si vita vilivyoamua kwamba maharagi yagawanywe saa isiyojulikana.

Chukua mama mmoja tu, kati ya wengi wanaoishi kwa jamaa ao kwenye chumba cha kupanga tangu kambi za pembezoni mwa Goma zilipoondolewa mwezi wa pili 2025. Saa mbili za usiku anawalaza watoto. Baa ya jirani inapiga muziki hadi saa sita. Saa tisa za usiku anaamka, kwani wamesema maji yanakuja usiku na asiyepanga bidoni mapema hapati kitu. Anarudi saa kumi na moja, bidoni mbili mkononi, miguu imelowa. Saa kumi na mbili mkubwa wa avenyu anapita akisema leo majina yatasomwa. Anakimbia huko na mtoto mgongoni, anakaa kwenye jua hadi saa nane mchana, halafu anaambiwa: rudini kesho. Hesabu mwenyewe usingizi wake. Hauzidi saa tatu, tena ni ule wa kushtuka kila mara. Kesho yake akijilaza saa nne za asubuhi, ndipo anapoitwa mvivu.

Wenye kupanga ratiba hizo watasema kwamba mkimbizi hana kazi, kwa hiyo kumngojesha hakumgharimu kitu. Hapo ndipo kosa lilipo. Mwili wa binadamu una saa yake, na hiyo saa haijui kama mtu ana kazi ao hana. Inahesabu.

Jambo hili si la kubuni. Watoto wote wa huku wanakijua kile kijani kinachofunga majani ukikigusa, kifauongo. Usiku nacho hufunga majani, asubuhi hufungua. Mwaka 1729 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Jean-Jacques de Mairan, alichukua mmea wa namna hiyo akauweka gizani, mahali ambapo jua halifiki. Mmea ukaendelea kufungua majani mchana na kuyafunga usiku, kana kwamba unaliona jua. Ina maana saa ilikuwa ndani ya mmea wenyewe. Mwaka 1962 Mfaransa mwingine, kijana Michel Siffre, aliingia katika pango la barafu kwenye milima ya Alps akakaa humo karibu miezi 2 bila saa ya mkononi na bila kuona mchana. Mwili wake uliendelea kulala na kuamka karibu kila saa 24, lakini ulikuwa unachelewa kidogo kila siku. Alipotolewa nje tarehe 14 ya mwezi wa tisa, yeye alidhani bado ni tarehe 20 ya mwezi wa nane. Na mwaka 2017 Wamarekani 3, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi chembe za mwili zinavyoiendesha saa hiyo. Walichunguza nzi wadogo wa matunda. Binadamu naye ana mtambo wa aina hiyohiyo.

Saa kubwa ya mwili iko ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana. Inapokea mwanga kupitia macho, na ndiyo inayoamrisha lini mwili upoe, lini upate joto, lini usingizi uje na lini tumbo lijiandae kupokea chakula. Kwa watu wengi saa hiyo inakwenda polepole kidogo kuliko jua, kwa dakika chache tu, kwa hiyo lazima irekebishwe kila siku. Kinachoirekebisha kuliko vyote ni mwanga wa asubuhi. Chakula kinacholiwa saa ileile nacho husaidia, na kazi ya mchana, na kuamka kwa saa moja isiyobadilika.

Huku kwetu Mungu alitupa bahati ambayo watu wa Ulaya hawana. Goma iko chini kidogo tu ya ikweta. Jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili na kuzama karibu na saa kumi na mbili, mwaka mzima, mvua ao kiangazi. Si bure kwamba Kiswahili kinaanza kuhesabu saa pale jua linapotoka. Mkulima wa Masisi hakuhitaji saa ya ukutani. Jogoo, jua, ng'ombe wa kukamuliwa, bugali ya jioni, moto, usingizi: siku nzima ilikuwa imefungwa kwa kamba moja, na mwili wake uliizoea tangu utoto. Alipokimbia, kamba ilikatika. Hakuna ng'ombe wa kumwamsha wala shamba la kumtoa nje kwenye mwanga. Anaketi ndani ya chumba chenye dirisha dogo, ao chini ya shitingi, akingojea sauti ya mtu mwingine imwambie siku yake inaanza lini. Na sauti hiyo leo inakuja saa kumi za alfajiri, kesho saa tano, kesho kutwa haiji kabisa.

Sasa turudi kwa lile neno la malale, kwani wanaolitumia kwa dharau hawajui wanachosema. Malale ni ugonjwa wa kweli, unaletwa na mbung'o, na Kongo ndiyo nchi iliyokuwa na wagonjwa wengi kuliko nyingine yoyote. Watu hudhani mgonjwa wa malale analala sana. Sivyo. Waganga waliopima usingizi wa wagonjwa hao waliona kwamba jumla ya saa wanazolala haiongezeki kiasi cha watu kudhani. Kinachoharibika ni mpangilio: usingizi unakatika vipandevipande, wanasinzia mchana na usiku wanakesha. Ugonjwa unaharibu saa ya mwili. Kwa hiyo anayemcheka mkimbizi kwa malale amegusa jambo la kweli bila kujua. Huyu naye saa yake imevurugwa, ila wa kwake mbung'o wanatembea kwa miguu miwili, wengine wana kofia na kikaratasi cha majina.

Wako watakaosema maneno haya ni makali kwa watu wanaojitolea. Na wasome basi sheria zao wenyewe. Mashirika ya kiutu yana kitabu kinachoitwa Sphere, ambacho toleo lake la sasa ni la mwaka 2018. Ndani yake wameandika kiasi cha chini ambacho mtu aliyehama anapaswa kupata: lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, bomba moja lisihudumie watu zaidi ya 250, umbali usipite mita 500, na kungojea kwenye foleni kusizidi dakika 30. Dakika 30! Mwanamke anayepanga bidoni saa tisa za usiku na kuzijaza saa kumi na moja amengoja mara nne ya kile walichokiandika. Kitabu hicho hakikuandikwa na raia wenye hasira, ni wao waliokiandika na kukitia sahihi, na wanakitaja kila wanapoomba pesa.

Tena foleni ya usiku haichukui usingizi peke yake. Mbu anayeleta malaria huuma usiku, na saa zake kubwa ni zile ambazo mtu angekuwa ndani ya chandarua. Wanagawa chandarua kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wanamtoa mama nje ya chandarua hicho. Halafu wanashangaa kuona wagonjwa kwenye kituo cha afya. Na hatari nyingine ya njiani, gizani, kwa mama na kwa msichana, kila familia ya Kivu inaijua bila kufundishwa. Wengi wamefunga midomo kwa haya. Lakini kila anayepanga maji yafunguliwe usiku wa manane anajua ni nani atakayetembea kuyafuata, na si yeye.

Kuna jibu moja linalopendwa sana: "Watu wa huku wamezoea kukesha." Na mfano wanaoutoa ni wavuvi wa sambaza. Mfano huo unawapinga wao wenyewe. Wavuvi wa sambaza wanatumika usiku, ni kweli. Taa zao zinaonekana juu ya Ziwa Kivu kama mji mwingine. Lakini wanajua saa yao. Wanaingia ziwani jioni, wanarudi alfajiri, samaki wanauzwa asubuhi, kisha mvuvi analala na nyumba nzima inajua kwamba baba amelala. Mwezi ukiwa mpevu, taa haivuti samaki vizuri, na hilo nalo linajulikana mapema. Ni kazi ngumu, na mwili haufurahii kukesha hata kwa mpango. Lakini mvuvi ana mpango. Mkimbizi hana hata huo. Yeye anakesha bila kujua kama atakesha.

Kinachoumiza zaidi ni upande wa watoto. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku, na mdogo wa miaka 3 ao 4 anahitaji saa 10 hadi 13. Mwili wake hutoa sehemu kubwa ya dawa yake ya kukua wakati wa usingizi mzito, ule wa mwanzo wa usiku, na masomo ya mchana hutulia kichwani usiku. Mtoto anayelala chumba kimoja na watu saba, muziki ukipigwa hadi saa sita, kisha akaamshwa saa tisa ashike bidoni ya pili, huyo akifika shuleni na kusinzia anapigwa fimbo. Mwalimu anaandika kwamba ni mjinga. Baba anaamini. Na wako watoto wenye kifafa, ambao hapa kwetu si wachache. Kwao kukosa usingizi ni kuuita mshtuko. Mama anaweza kumpa dawa kila siku bila kukosa, na bado usiku mmoja wa kelele ukamwangusha mtoto wake karibu na moto.

Wakubwa nao wanaumia. Mwenye ugonjwa wa sukari, sukari yake inakaa vibaya zaidi akilala kidogo. Mwenye tensheni, damu yake ilipaswa kushuka usiku, haishuki. Na aliyeona mambo ya kutisha njiani, ambaye akifumba macho anayaona tena, huyo kuambiwa "ulale vizuri" ni karibu na matusi. Ratiba peke yake haitaondoa ndoto zake. Anahitaji watu wa kumsikiliza, na muganga anayejua kazi hiyo. Lakini hata msaada huo unashika vibaya kwa mtu asiyejua kesho ataamka saa ngapi.

Badala ya hayo, wengi wanapata vidonge. Diazepamu inauzwa kama peremende kwenye maduka madogo ya dawa, bila karatasi ya muganga, bila mtu kuuliza kama mama ananyonyesha ao kama baba anakunywa kanyanga jioni. Vidonge hivyo na pombe pamoja vinaweza kusimamisha pumzi. Na anayevizoea kwa majuma mengi, akiviacha ghafla, usingizi unakimbia kuliko mwanzo. Anayeviuza hivyo anafanya biashara juu ya maumivu, na sheria ya kuuza dawa iko. Wenye kuisimamia wako. Nao wanalala salama.

Kuhusu baflo. Hili watu wanaogopa kulisema kwa sababu baadhi ya hizo kelele zinatoka kwenye nyumba za ibada. Na lisemwe. Sala ya usiku ni haki ya kila mtu, na kwa aliyepoteza kila kitu inaweza kuwa ndiyo nguvu iliyobaki. Lakini Mungu anasikia hata bila baflo mbili zilizogeuzwa kuelekea barabarani saa saba za usiku. Mwenye baa hana hata hoja hiyo. Anauza bia, basi. Wakubwa wa kata wanajua kuja kukusanya kodi kwenye hizo baa kabla ya jua kuzama. Wangejua pia kurudi saa tatu za usiku kupunguza sauti.

Je, familia zenyewe hazina la kufanya? Zinalo, ila lisichukuliwe kama kisingizio cha kuwaacha wengine. Kamba iliyokatika inaweza kufungwa tena hata ndani ya chumba kimoja. Ya kwanza ni kuamka saa moja isiyobadilika, hata baada ya usiku mbaya, na kutoka nje kwenye mwanga, wakubwa na watoto, angalau nusu saa. Mwanga wa nje, hata mawingu yakiwapo juu ya Nyiragongo, unapita mara nyingi ule wa ndani. Kama kuna chakula mara moja tu kwa siku, basi kiliwe saa ileile kila siku. Anayelala mchana alale kidogo, baada ya saa sita, asifike jioni. Na simu! Vijana wanakaa na simu usoni hadi saa saba za usiku wakitafuta habari za kijijini, na ni haki yao kutaka kujua kama nyumba imechomwa. Lakini ule mwanga mweupe karibu na macho unaidanganya saa ya ubongo kwamba bado ni mchana, jambo ambalo moto mwekundu wa jikoni haukufanya kwa kiasi hicho. Habari za saa saba za usiku zitakuwapo pia saa kumi na mbili za asubuhi.

Ila mama wa bidoni hawezi kuamka saa moja isiyobadilika kama bomba lenyewe halina saa. Ndiyo maana mzigo unarudi kwa wenye ratiba, na wanachoombwa hakihitaji bajeti ya Kinshasa wala ndege. Saa ya maji iandikwe kwa chaki karibu na bomba, mchana na si usiku, na kama maji hayatoshi, kila avenyu ipewe siku yake. Saa ya kugawa msaada itangazwe jana yake kabla ya jua kuzama, kwa redio na kwa wakubwa wa avenyu, na watu waitwe kwa mafungu: hawa saa mbili, hawa saa nne. Asiyeitwa abaki nyumbani. Orodha ikikosekana ao gari likikwama, watu waambiwe mara moja, si saa nane mchana baada ya kukaa kwenye jua. Na saa iseme wazi ni saa gani. Nchi hii ina saa mbili, ya Kinshasa na ya huku mashariki, na kuna tena saa ya Kiswahili na ya Kifaransa. "Saa tatu" peke yake imeshawapotezea wengi zamu yao.

Mara chache sana wenye ratiba hujibu, na wakijibu jibu ni lile la usalama: tukitangaza saa, wezi na wenye silaha watajua lini chakula kinafika. Lakini watu 1,000 waliokusanyika barabarani tangu alfajiri bila kujua saa wanaonekana na kila mwizi wa mji, kutwa nzima. Malori yanayopita katikati ya soko hayajifichi kwa mtu. Mafungu ya watu 100, yaliyoambiwa saa yao jana yake na mkubwa wa avenyu mlango kwa mlango, yanakusanyika na kutawanyika kabla ya mwenye nia mbaya kupanga lolote. Anayeficha saa leo hamfichi mwenye bunduki. Anamficha mama wa watoto watano, ambaye usiku huu tena ataweka bidoni kichwani mwa kitanda, avae viatu, na alale hivyo hivyo.